Wiki Sita

Bwana Bakathir alisema wiki sita.
Boriti zimeliwa na mchwa, alisema,
dari itatuangukia tumelala,
na kodi ya Mishomoroni ataibeba yeye.
Nikakubali. Nani hubishana na mchwa?

Pikapu ya Nyiro ikavuka daraja la Nyali
na kitanda, majiko, kapu la vyombo;
asumini, ndani ya kopo la rangi,
niliipakata mwenyewe.

Kitu kimoja hakikufungika kwa kamba:
mwimo wa mlango wa jikoni
wenye chale saba za kisu,
kimo cha Mishi, Idi hadi Idi.

Huku maji ni ya madumu.
Jirani huniita "yule wa muda"
na mie huitika, labeka.
Pazia sijatundika.
Ukishatundika pazia, umehama.

Wiki ya kumi na moja nikapita Kibokoni.
Boriti mpya, zanukia mkoko.
Chokaa nyeupe hata macho yakaniuma.
Mwimo haupo.
"Ulikuwa umeoza, mama," fundi akasema,
na kidevu chake kikaelekea
mafiga matatu uani,
birika la chai, jivu.

Sikulia. Fundi akaenda kunawa mikono.
Nikasimama penye mlango mpya,
nikapima kwa kiganja: kifuani pangu,
hapo ndipo anaponifika sasa.
Chokaa ilikuwa bado mbichi.
Nikatia ukucha, nikavuta mstari mmoja,
mrefu.

Bwana Bakathir akiuliza,
mwambieni ni mchwa.