Kebo ya Kigogo

Siku ya kwanza mto ulidanganya.
Jua la Februari, Msimbazi umebaki uzi wa maji
na matairi mawili yamelala chali,
lakini ofisini kipimo kinasema: mita nne na nusu.
Wakanipigia. Havijawa, Kigogo imezama?
Nikasimama darajani, viatu vikavu,
nikawajibu: Kigogo inaanika nguo.

Tuliifuata kebo hatua kwa hatua, mimi na Ndimbo,
kutoka nguzo ya kihisi hadi kwenye sanduku.
Mita sitini. Katikati yake, karakana ya mageti:
kila Shomvi akigusa chuma kwa fimbo ya kuchomelea
cheche zinaruka, na mto wetu unafurika kwenye skrini.
Akizima mashine akale, mafuriko yanakauka.
Hakujua. "Dada, yaani mimi ndiye mvua?"

Kebo ina ngao: wavu mwembamba wa shaba
uliozivika nyaya nne kama shimizi.
Aliyetutangulia aliufunga ardhini huku na huku,
akidhani kufunga mara mbili ndiyo usalama.
Kumbe ardhi ya huku si ardhi ya kule.
Hazilingani, na zisipolingana hutumiana maneno
kupitia ngao yenyewe, nenda rudi, nenda rudi,
kama majirani wawili wenye mtoto mmoja wa kutumwa.
Nikakata upande wa mto. Nikauacha wa sandukuni.
Umbea ukafa.

Ikabaki radi.
Njia ya mwongo ni fupi; ya radi ni fupi zaidi,
nawe usipoichongea ya kwake, itapita ya kwako.
Tukaweka vizuizi, kimoja kila ncha,
vidogo, vya kutoshea kiganjani.
Tukapigilia nondo ya shaba, mita mbili na nusu;
mchanga ukaimeza bila kushukuru.
Omu thelathini na nane.
Tukachimba kuizunguka, tukamwaga mkaa na chumvi ya mawe,
ndoo tatu za maji. Kumi na mbili.
Tukapiga ya pili kando yake, tukaziunganisha. Sita.
Ndimbo akapiga chafya, akasema inatosha.

Juma lililofuata nondo moja haikuwepo.
Tuliikuta Mburahati kwa mnunuzi wa vyuma chakavu,
juu ya mzani, bado ina udongo wetu.
Sikugombana. Nililipia kilo zake,
nikairudisha, nikaifunika kichwa kwa zege.

Usiku mmoja wa Aprili radi ilipiga
nguzo ya umeme ng'ambo ya mto. Nilikuja kuambiwa.
Mimi nilikuwa Tabata, kitandani;
niliona dirisha tu likigeuka jeupe,
nikahesabu hadi kumi na moja, ndipo mshindo.
Simu nikailaza kifudifudi. Niliogopa kuitazama.
Nilipoitazama: mita mbili, sentimita kumi na nne.
Dakika tano. Mbili na thelathini na moja.
Mto ulikuwa unasema kweli,
na kweli yenyewe ilikuwa mbaya.
Nikampigia Shomvi: amka, hamisha mashine.

Asubuhi, sandukuni, kizuizi kimoja kimeungua,
cheusi, kinanuka kama ukucha uliochomwa.
Fomu ya ofisi ina mstari mmoja mfupi:
sababu ya kuharibika.
Nimeandika: kazi.