Sekunde Thelathini na Nane

Mimi nilikuwa nyuma ya kioo.
Miaka kumi na tisa nilimwinulia kidole kimoja,
naye akavua hereni ya sikio la kulia, hedifoni ikae vizuri,
akavuta pumzi, akasema:
"Hapa Sylvi Rautavuori. Watoto wamelala. Tuzungumze."

Nje theluji ilikuwa imefika vizingiti vya madirisha,
na Tampere nzima, mji wa viwanda vya pamba
na watu wanaobania maneno kama akiba ya uzeeni,
ilijifanya haisikilizi.

Alianza ukunga.
Watoto elfu na ushei walipita mikononi mwake,
na kila baada ya siku chache mzazi mmoja angemvuta kiganja, anong'one:
"Nikirudi nyumbani, nitamwambiaje kwamba bado naumia?"
Wodini hapakuwa na kitabu cha jibu hilo.
Basi akavuka kwenda Stokholmu, mjane wa miaka arobaini na mmoja,
sanduku lake limefungwa kamba badala ya kufuli,
akasomea yale ambayo wengine huyacheka
huku wamefunika mdomo.

Wa kwanza kupiga simu alikuwa mwanamume.
Alinyamaza sekunde thelathini na nane. Nilizihesabu.
Redioni huo ni msiba. Nikapeleka mkono kwenye muziki,
Sylvi akanitikisia kichwa.
"Nasikia unavyopumua," akamwambia. "Hilo nalo ni neno."
Ndipo yule bwana akasema: tunalala mgongo kwa mgongo
tangu kiwanda kilipofungwa.
"Sauna mnaingia pamoja?"
"Kila Jumamosi."
"Jumamosi hii msugue mgongo. Usitake kingine. Mgongo tu."

Postikadi ikaja, haina jina:
*Tumeongea.*

Bahasha nyingine zilikuja zimepakwa uchafu.
Mchungaji mmoja alimtaja mimbarini;
Jumapili iliyofuata Sylvi alikaa safu ya mbele
na kofia yake ya manjano, akaimba kila ubeti.
Jumanne usiku, mke wa mchungaji akapiga.
Sote wawili tuliijua sauti ile.
Sylvi akamwita "bibi wa mbali," akamsikiliza nusu saa nzima,
na matangazo ya biashara yakangoja.

Kisha televisheni. Wakampaka poda,
wakamkalisha kwenye kochi jekundu, wakamwomba acheke zaidi.
Akatoa mkobani kitu alichokifuma mwenyewe kwa sufu ya waridi,
maumbile ya mwanamke, na mikunjo yake yote,
akawaambia akina baba waliokuwa studioni:
onyesheni kwa kidole, raha yake inakaa wapi?
Kati ya tisa, wawili.
Nchi ikacheka. Nchi ikanyamaza.
Nchi ikatafuta kalamu.
Kungwi asiye na ngoma, ana maikrofoni tu.

Na yeye je?
Usiku mmoja, taa ya hewani imezimwa,
alikuwa akimenya chungwa juu ya gazeti.
"Eino alikufa kiwandani kwa mbao," akasema.
"Tulilala kitanda kimoja miaka kumi na saba.
Nilijua kila kiungo kwa Kilatini.
Sikumwambia hata kimoja kwa Kifini."
Akanipa nusu ya chungwa.
Mganga hajigangi, nilitaka kusema, nikala.

Mazishini foleni ilifika barabarani.
Hakuna aliyemtazama mwenziwe;
kila mmoja alidhani ni yeye peke yake
aliyewahi kupiga.

Hereni moja aliisahau mezani kwangu.
Mke wangu Tellervo aliikuta mfukoni, akaiweka kando ya kahawa yangu,
hakuuliza.
Nikafungua mdomo. Nikaufunga.
Saa ya ukutani ikaenda, ikaenda,
na safari hii sikuhesabu.
"Nasikia unavyopumua," akasema Tellervo.

Kumbe naye alikuwa akisikiliza.