Kulia Hapa, Kushoto Kule

Numbi, shika funguo. Usinishukuru bado.
Breki ya trela ina kiburi asubuhi,
ikanyage mara mbili kabla hujatoka getini.
Mimi daktari wa macho amenishusha barabarani kwa herufi moja:
niliiita O, naye akasema ni C.

Toka hapa Lubumbashi hadi Kasumbalesa si mbali,
saa mbili, kama Mungu hana neno nawe.
Toka mkia wa foleni hadi kizuizi, hapo ndipo safari.
Nimewahi kukaa siku kumi na moja
kati ya lori la salfa na lori la samaki wa chumvi.
Mtoto wangu wa tatu alizaliwa nikiwa hapo,
habari ikanifikia kwa simu ya muuza mayai.
Mpaka leo nyumbani wanamwita Foleni.

Hesabu shaba kabla lakiri haijabana.
Namba ya lakiri iandike kiganjani;
simu huibiwa, kiganja unaenda nacho hata chooni.
Karatasi usizikunje. Wakala wetu ni Mama Kyungu,
mwenye kofia ya sufu hata Oktoba.
Mwingine akikuita shemeji, cheka naye, basi.
Askari akiuliza umebeba nini, jibu neno moja.
Neno la pili ndilo lenye bei.

Mfuko wa mtu usiubebe. Hata wa bibi. Hata wa unga.
Niliubeba mmoja, wa unga, na kweli ulikuwa unga;
usiku kucha niliupapasa kama mgonjwa,
asubuhi nikamrudishia mwenyewe,
nikaona haya kumtazama machoni.

Songa bukari mapema, upepo wa jioni huchezea mbabula.
Twite alale juu ya turubai:
ana usingizi wa paka.

Haya mengine utayasahau, utayajua kwa kulipa.
Hili hapana.
Sisi tunashika kulia. Wao kushoto.
Kizuizi kikiinuka, barabara inajigeuza chini yako
bila kelele, kama mtu anayegeuka kitandani.
Kwenda si kazi: unaogopa, kwa hiyo unatazama.
Kurudi ndiko. Redio inashika Kiswahili cha kwetu,
moyo unatangulia, umeshavua viatu mlangoni,
na mikono bado iko Zambia.

Julai ile, alfajiri, ukungu.
Taa moja ndogo inanijia usoni.
Nikamlaani: mjinga gani huyu, upande wangu?
Mjinga akajitupa nyasini
na baiskeli yake na magunia matatu ya makala.

Nilishuka. Tuliokota makala moja moja,
mikono yetu ikawa ya rangi moja,
yeye kimya, mimi kimya, injini inanguruma.
Hakunitukana. Alipomaliza kufunga kamba
aliuliza tu: Papa, unatoka wapi?

Nilitaka kusema Bel-Air, nyuma ya soko.
Mdomo haukufunguka.

Kile kitambaa chekundu kwenye usukani si pambo.
Ukivuka kwenda, kifunge kushoto.
Ukivuka kurudi, kihamishe kulia
kabla hujatia gia, hata kama wanakupigia honi,
hata kama askari anapiga kelele.
Usikifue, kimezoea.

Haya. Ufunguo wa tangi ni ule mfupi.