Jembe la Tatu

Novemba, bonde la Kafubu, nje kidogo ya Lubumbashi.
Mvua moja tu imenyesha, ikaondoka bila kuaga.
Udongo wa mfinyanzi umelamba maji, umefunga mdomo;
ukiugonga kwa mtarimbo unalia kama sufuria tupu.

Mazuti nilikuwa nimelipia tayari,
bidoni mbili, pesa ya makaa ya msimu mzima,
na trekta la kukodi linapita juu ya shamba langu
kama kitana juu ya upara.
Majembe matatu nyuma yake, yamepakwa rangi nyekundu,
yanachora.
Hayalimi, yanachora.

Nikasema, kinachokosekana ni uzito.
Nikapakia magunia mawili ya mawe juu ya fremu,
na juu ya mawe nikamkalisha Chishimba, mtoto wa dada yangu,
ameng'ang'ania chuma, meno yanagongana.
Mistari minne tulikwenda hivyo.
Trekta likakohoa moshi mweusi, magurudumu yakateleza,
udongo ukaongea nasi kama mwenye nyumba asiyetaka wageni,
kupitia tundu la ufunguo.

Kapeshi alikuwa anapita na baiskeli yake.
Miaka ishirini na sita alifunga na kufungua mashine za mgodini,
mpaka siku walipomwambia arudi nyumbani, mshahara utafuata.
(Bado uko njiani.)
Neno lake la kwanza: "Mshushe mtoto."

La pili lilichelewa.
Alipiga goti, akaokota bonge, akalitemea mate,
akalisokota kati ya vidole hadi likawa mkia wa panya,
akautazama mkia ule ukikatika.
"Kesho kutwa utakuwa tofali," akasema. "Leo bado."

Akapapasa ncha za majembe kwa kidole gumba.
"Hizi ni visigino."
Alikuwa na ncha mbili mpya mfukoni, za springi ya lori,
amezinoa mwenyewe; mbili tu.
Akaushika mkono wa juu, ule wenye nyuzi kama parafujo,
akaukaza, nusu mzunguko, nusu tena,
midomo yake ikihesabu bila sauti,
na plau zima likainamisha pua
kama mbuzi aliyenusa chumvi.
Akapima kushoto na kulia kwa kamba ya mafundo,
akapandisha gurudumu la kina matundu mawili,
kisha akaweka ufunguo kwenye jembe la tatu.

"Hilo acha," nikasema. "Nimelipia matatu."
Hakunijibu. Bolti ilikuwa na kutu.
Akaimwagia mazuti yangu, akakaa chini kuisubiri,
akauliza kama nyumbani kumebaki bukari.
Nilimletea, nimenuna, na kisamvu cha jana.
Alipomaliza kula, bolti ilikubali.

Gia ya kwanza. Taratibu.
Mlio ulibadilika kabla ya macho yangu kuona chochote:
ule mkwaruzo wa meno ulikoma,
ukaja mpasuko mzito, kama nguo mpya ya kitenge
inapochanwa na fundi asiye na mkasi.
Mabonge yaligeuka, makubwa kama vichwa vya mbuzi,
mgongo mkavu chini, tumbo jeusi juu, linang'aa.
Chishimba akachomeka mpini wenye msumari wa kipimo.
Ukazama hadi msumari, na kidole zaidi.

Nisidanganye: mstari wa tisa tuligonga mzizi wa kichuguu,
pini ikakatika, tukalala na nusu shamba,
na mwenye trekta alidai pesa ya siku ya pili
kwa majembe matatu.

Usiku mvua ilirudi.
Niliisikia kwenye bati, kisha nikawaza kule bondeni,
ikianguka juu ya ile nusu iliyofunguliwa
na juu ya ile nusu nyingine.

Jembe la tatu bado liko nyuma ya jiko langu.
Mwenyewe hajalifuata.
Kuku mwekundu amelalia mayai kivulini mwake,
na ukilisogelea anakudonoa.