Pini Saba

Ukuta wa Michenzani hauna shubaka.
Ni zege tupu. Msumari ukiugonga
unapinda, unarudi kukutazama:
umetumwa na nani?

Ngazi sabini na mbili, nazijua kwa goti.
Vyombo nimevipandisha kimoja kimoja,
kila kimoja kimevikwa kanga yake,
kumi na kimoja,
na jirani wa chini akadhani nimeleta watoto wachanga.

Kiponda vilikuwa na makao.
Ukiingia ukumbini tu, mkono wa kulia,
mashubaka tisa yaliyokatwa kwenye chokaa,
matao yake kama nyusi zilizotiwa wanja.
Shangazi yangu, Bi Ruzuna, alivipanga
kwa sheria asiyomwandikia mtu:
sahani ya buluu isikae na buluu mwenziwe, zitaoneana gere;
bakuli lenye jogoo litazame mlango,
limwone mgeni kabla sisi hatujamwona;
buli lililopoteza mfuniko liende juu kabisa,
"aibu huwekwa mbali na macho, mwanangu,
haiwekwi mbali na nyumba."

Kila Ijumaa akivishusha vyote.
Maji ya uvuguvugu, ganda la ndimu, kipande cha kaniki kuukuu.
Sisi mkekani, mikono nyuma:
kushika marufuku, kupumua kidogo.
"Hii ya mawaridi ilikuja na vyombo vya harusi vya mama.
Hii ilipasuka siku uliyozaliwa, ikashonwa."
Ikashonwa, ndiyo. Geuza uone:
pini saba za shaba mgongoni,
kazi ya fundi Ramji wa Sokomuhogo
aliyeshona kaure kama wenziwe walivyoshona kanzu,
na mchuzi haukuvuja.

Halafu masika yale,
boriti ikachoka kabla ya alfajiri.
Hakufa mtu. Bi Ruzuna alikwishatangulia,
namshukuru Mungu kwa mpangilio huo.
Kulipokucha watu walijaa uchochoroni
wakitazama rangi ya ndani ya nyumba yetu
kama mtu aliyevutwa shuka usingizini.
Mashubaka sita yalikwenda na ukuta.
Matatu yalibaki juu, hewani,
na ndani ya moja, wallahi, bakuli la jogoo,
zima,
likitazama mlango ambao haupo.

Makungu alikuja na keekee ya umeme.
Alitoboa tangu asubuhi, vumbi likatua
kwenye ubwabwa wa ghorofa nzima.
Mashimo manane akayapata, la tisa zege likakataa.

Na kijana wa duka la Gizenga naye akaja.
Viatu alivua. Adabu anayo, hesabu anayo zaidi.
Akapindua sahani, akasoma chapa
kama daktari akufunuaye kope.
"Hizi za zamani, bibi. Kuna hoteli inataka ukuta mzima.
Ila hii ya pini, samahani, ina kasoro."

Nisijitie utakatifu: nilimuuzia mbili.
Makungu alikuwa anadai, na umeme nao hauna haya.
Moja ilikuwa ya mawaridi.
Siku tatu sikupita sebuleni
mpaka nifumbe jicho la upande ule.

Sasa jogoo yuko juu ya friji, ameuelekea mlango.
Buli lisilo mfuniko, juu ya kabati, karibu na dari.
Za buluu nimezitenganisha, moja huku, moja kule,
na katikati yake, pale penye jicho la mgeni,
ile iliyoshonwa.
Nimeitundika kinyume, maua yake yamelala ukutani,
mgongo mbele, pini nje.

Alasiri jua huingia hapa ghorofa ya nne,
jua ambalo Kiponda, kwa wembamba wa vichochoro,
hatukuwahi kulionja ukumbini.
Linapanda kochi, linapanda ukuta,
linafika kwenye shaba.

Mjukuu wangu Nasra akasimama, kidole mdomoni.
"Bibi, mbona sahani ile imetupa mgongo?
Imenuna?"

Hapana, mama.
Inaota jua.