Shavu la Kuume

Miezi mitatu nilikataa kahawa za watu.
Naweka pua juu ya kikombe, Nyawera, ghorofa ya pili,
mvua ikipiga bati la jirani,
na kila kikombe kinaniambia neno lilelile:
panya aliyekufa ndani ya ukuta.

Nikaandika: Idjwi, magunia kumi na manne, imeoza.
Nikaandika: Kalehe, imeoza.
Mushagalusa wa mizani alinusa, akaguna, akanyamaza.
Mwenye pua ni mimi,
mimi ndiye ninayelipwa kunusa.

Kisha nikainama kufunga kamba ya kiatu
na jiwe likabingirika chini ya jicho langu,
upande mmoja tu,
kama mtu anayehama usiku akajigonga kwenye kabati.

Ushauri, Bukavu, hautozwi ushuru:
jifukize mkaratusi;
ni vumbi la Kadutu; ni baridi ya ziwa; ni mkono wa mtu;
kitunguu saumu puani (nilijaribu, nililia, sikupona).
Vidonge vya dukani siku tano,
nafuu siku sita.

Daktari Zihindula aliuliza kimoja:
"Tundu moja la pua, au yote mawili?"
Moja. La kuume.
"Mafua hayachagui upande," akasema,
akageuza kioo chake kidogo, na kwa mpini
akabisha meno yangu ya juu, moja moja,
kama mgeni anayetafuta nyumba yenye mtu.
Hodi. Kimya.
Hodi. Kimya.
La sita likaitika hadi kwenye nyusi.

Gego nililozibwa mwaka wa kumaliza shule,
nikalisahau, maana halikuuma.
Jino lililokufa haliumi.

Kwenye picha ya radio hewa ni nyeusi,
na weusi ndio afya.
Shavu la kushoto: pango jeusi, tupu, safi.
La kuume: jeupe kama ukungu wa asubuhi juu ya Nguba,
na mzizi wa gego umetoboa sakafu,
unachungulia ndani kama msumari uliopita ubao.
"Kila mtu ana vyumba hivi viwili," akasema,
"vya hewa tu. Ila mlango uko juu, karibu na dari.
Kikijaa, hakijui kujimwaga."

Ganzi. Koleo. Mlio wa mti mbichi.
Kisha harufu ikatoka,
na muuguzi Nabintu akarudi nyuma hatua moja.
Nilifurahi. Kweli nilifurahi:
mtu mwingine ameinusa.

Wakaosha pango kwa maji ya chumvi hadi yakatoka maangavu,
wakavuta ufizi, wakashona juu ya tundu.
Masharti, wiki tatu:
usipenge; chafya ikija, fungua kinywa;
usinywe kwa mrija; usifyonze.
"Kazi yako?"
Kufyonza, daktari. Nafyonza kahawa kwenye kijiko,
kwa kelele, vikombe sitini kwa siku.
Akacheka kwa macho tu.
"Basi kijiko nacho kipumzike."

Wiki ya nne nikafungua kabati la sampuli.
Mkebe wa Idjwi, magunia kumi na manne,
jina kwa kalamu ya risasi: Cibalonza.
Maji ya moto. Dakika nne. Nikavunja utando kwa kijiko.
Limau.
Asali nyeusi.
Ua ambalo silijui jina.
Hakuna panya.

Magunia yalikwisha kuuzwa kwa bei ya makapi.
Nikakata neno *imeoza*, nikaandika themanini na saba,
namba isiyoweza kumlipa mtu.

Ulimi wangu bado unazuru pale palipokuwa na gego,
unapita haraka,
kama mdaiwa anayepita mbele ya duka.
Boti ya Idjwi hutoka asubuhi.
Jana nimeuliza nauli.