Mashimo Thelathini na Mawili

Debe la kokoto kubwa ni mia tano,
ndogo, zile za kumwagia zege, mia nane.
Naanza na bei ili usije ukadhani
nilishuka bonde la Nakasimba kwenda kusali.

Tulifuata mawe. Ya juu yalikwisha.
Mzabuni wa barabara ya kivukoni alitaka lori tatu
kabla ya Ijumaa,
na kule chini, ukingoni mwa msitu,
yalikuwepo mawe ambayo watu wengine
walikwisha kuyachagua, kuyachonga, kuyapanga.
"Gofu la wamonaki," alisema Mugeta. "Halina mwenyewe."

Babu wa mume wangu aliyabeba mawe hayo kichwani.
Walikuja wanne, husemwa, kwa mtumbwi wa kushonwa,
na vitabu vilivyolowa, na kengele isiyo na ulimi
(ulimi ulizama Rugezi, ukalala na kambare),
kwa hiyo kengele wakaipiga kwa nyundo.
Wakachagua bonde ambalo hata mbuzi
hulishuka kwa kufikiri,
chini ya mivule iliyokuwa mizee
kabla mtu hajaipa jina.
Masika ya kwanza homa ilichukua wawili.

Ndipo akaja Mazigo, mfua majembe kutoka Uzinza,
akavikwa kanzu nyeupe, akaitwa Bruda Onesmo.
Jina la nyumbani aliliacha mlangoni kama viatu,
ingawa viatu hakuwa navyo.

Leo paa ni majani ya mvule.
Juu ya altare mjusi kafiri
anainama, anainuka, anainama,
mbio mbio, kama aliyechelewa misa.
Kwenye vyumba vyao wanalala pimbi,
na usiku ndio wanaoimba.

Mimi nilikoka moto chini ya ukuta wa kaskazini.
Jiwe ukilichoma vizuri, kisha ukalimwagia maji,
hutoa sauti moja fupi, basi, linaachia.
Ukuta ule ulitoa sauti nyingi.
Sikufichi: niliuvunja mimi.
Unaukanyaga ukienda kupanda kivuko.

Siku ya tatu nikafika kwenye benchi,
pale walipokaa kwa zaburi.
Nikakwangua kuvu nipate pa kupigia
na nyundo ikabaki hewani.
Mashimo.
Safu nne, nane nane,
na katika safu mbili za ndani, kila moja,
shimo moja la mraba: nyumba.

Mama mkwe alikuwa akisema
walinyamaza tangu machweo hadi jogoo,
hata nyoka akiingia, walionyesha kwa kidole.
Sasa naelewa. Bao halihitaji neno.
Patasi ya mfua majembe, kidogo kila usiku,
vumbi la jiwe akilifuta kwa kanzu ya kuungamia.
Upande mmoja umelika kuliko mwingine:
aliyekaa hapo alikuwa akifikiri sana
au akishindwa sana.
Na huo mwingine nao umelika.
Kwa hiyo alikuwepo wa pili,
pengine mmoja wa wale wa mtumbwi, ndevu kifuani,
akijifunza kupanda kete
kutoka kwa mtu aliyemfundisha kupiga magoti.

"Vunja, jua linazama!" Mugeta, kutoka juu.
Nikachota kwenye debe langu kokoto ndogo,
sitini na nne, za mia nane,
nikazipanga zilivyopaswa kupangwa.
Mikono yangu haikujua kwamba inakumbuka.
Debe likapungua. Karani akaliona, akanikata,
na lori la tatu likaondoka nusu.

Jumatatu nikarudi kuchukua nyundo.
Kete zilikuwa zimehama.
"Pimbi hao," alisema Mugeta.
Nami nikasema, ndiyo, pimbi,
nikahesabu tena,
kwa kuwa pimbi wa bonde lolote ninalolijua
hatii mbili nyumbani na kuacha zamu kwangu.